Mambo Madogo Yanayonikera kwenye Linux Ninayoipenda

Kompyuta zote za steshenari yangu hapa Morogoro zinatumia Linux Mint, moja ya sura za Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows, na sina mpango wa kuzitoa huko. Nimetanguliza hilo kwa sababu karibu yote yanayofuata ni malalamiko, na msomaji asiyejua msimamo wangu anaweza kudhani nafunga virago.

Sisi tunaotumia Linux tuna tabia moja mbaya. Mtu akiandika kwenye grupu kwamba printa inamgomea, au faili lake la Word limevurugika, hajamaliza hata kueleza ameshajibiwa kwamba hajui kutumia, akasome kwanza, au kama hawezi arudi Windows. Nimeshuhudia watu wengi wakinyamazishwa hivyo, na wengi wao walikuwa na haki ya kulalamika. Kero ndogo isiposemwa huzoeleka, na ikishazoeleka hakuna anayeishughulikia. Isitoshe, wengi wa wanaoutengeneza mfumo huu wako mbali na maisha ya steshenari. Intaneti yao haiishi katikati ya kazi, hawachomeki flashi ya mtu wasiyemjua siku nzima, na hawana foleni ya wanafunzi wanaotaka ripoti itoke kabla ya saa kumi. Tusipowaambia sisi, watayajulia wapi?

Kwanza niseme kwa nini naupenda, maana bila hilo kero zenyewe hazina uzito.

Anayefanya kazi hii anajua flashi za wateja huja na nini. Mwanafunzi anakuja uso umemshuka, anasema folda zake zote zimegeuka shotikati na kila akibofya hakuna kinachofunguka. Kwenye Windows mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi hapo, kwa sababu kuibofya ile shotikati ndiko kunakokiamsha kirusi, nacho kinahamia kwenye mashine ya duka na kuisubiri flashi ya mteja anayefuata. Kwenye Mint naichomeka flashi ileile na kila kitu kiko wazi mbele yetu: zile shotikati, faili la kirusi lenyewe, na pembeni folda halisi za mwanafunzi, nzima. Kirusi kilichofanya ni kuzipachika alama ya kufichwa ambayo Windows huitii, na Mint haiijali. Mara nyingine kazi zote zinakuwa zimehamishiwa ndani ya folda ambayo jina lake ni nafasi tupu, hivyo unaiona picha ya folda bila maandishi yoyote chini yake. Unaifungua, utafiti wake wote uko humo. Nafuta takataka, namwonyesha mafaili yake, uso unarudi. Kazi hiyo peke yake imeniletea wateja ambao tangazo lisingewaleta.

Sababu ya pili ni mashine zenyewe. Hapa kwetu laptopu nyingi ni yuzidi kutoka Ulaya na Dubai, ngumu na nzuri ila za zamani kidogo. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo mashine nyingi za namna hiyo hazina. Mint 22, iliyotoka mwaka 2024, imeahidiwa kutunzwa hadi 2029, na inakimbia vizuri kwenye laptopu yenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 ukichagua toleo lake jepesi la Xfce. Haidai leseni na haikulazimishi kuzima na kuwasha wakati mteja amesimama. Kwa mtaji wangu hilo si jambo dogo.

Haya, sasa kero.

Inayoniumiza kuliko zote ni ya kunakili faili kwenda kwenye flashi. Mteja anataka mafaili yenye ukubwa wa GB 1: picha za harusi, mihadhara, nyaraka za kikundi. Nachagua, nanakili, nabandika. Ule mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi unakimbia kama umefukuzwa, sekunde chache umejaa, dirisha linajifunga. Mteja anayatazama hayo pamoja nami, anaona kazi imekwisha, mkono unakwenda kwenye flashi. Hapo ndipo napaza sauti: "Subiri kwanza, usichomoe!" Anashangaa, na ana haki. Kompyuta imemwambia tayari.

Ukweli ni kwamba data bado haijafika kwenye flashi. Mfumo umeipokea ukaiweka kwenye RAM, ukatangaza umemaliza, kisha unaiandika polepole kwa nyuma. Kwa kawaida Linux huruhusu hadi asilimia 20 ya RAM inayopatikana kushika data ambayo bado haijaandikwa kwenye diski. Kwenye mashine ya GB 8 hiyo inaweza kuzidi GB 1. Flashi za bei rahisi zinazouzwa huku huandika kama megabaiti 5 kwa sekunde, kwa hiyo GB 1 inataka sekunde 200, dakika 3 na ushei, na muda wote huo skrini haionyeshi kitu. Ukibofya kitufe cha kutoa flashi, ndipo ujumbe mdogo unatokea pembeni kwamba data bado inaandikwa, usichomoe. Hausemi imebaki kiasi gani. Mimi na mteja tunabaki tunaikodolea macho ile taa ya flashi inayopepesa, kama flashi yenyewe ina taa.

Windows kwa kawaida huzitendea flashi tofauti: huandika moja kwa moja ili mtu akichomoa ghafla asipoteze kitu. Ni polepole, lakini mstari wake unasema kweli. Wateja wetu wamekulia kwenye tabia hiyo, na hawana kosa kutegemea kwamba mstari ukijaa, kazi imekwisha.

Kinachonisikitisha ni kwamba jambo hili linajulikana. Mwaka 2013 watengenezaji wa kiini cha Linux, ile sehemu ya ndani inayoendesha mfumo wote, walilijadili hadharani, Linus Torvalds, mwanzilishi wake, mwenyewe akiwemo, na hoja ilikuwa wazi kwamba kuhesabu kwa asilimia kulitokana na zama ambazo kompyuta ilikuwa na megabaiti chache tu za RAM. Asilimia 20 ya megabaiti 64 ni kitu ambacho hata diski ya kizamani inakimaliza haraka. Leo hesabu bado ni ya asilimia na RAM imekua mara mia na zaidi. Dawa ipo: mistari miwili kwenye faili la mipangilio ya kiini, vm.dirty_bytes na vm.dirty_background_bytes, unaweka kikomo cha makumi machache ya megabaiti badala ya asilimia. Ukifanya hivyo mstari unaanza kwenda sambamba na uandishi halisi. Nimeiweka kwenye mashine zangu zote na nawasihi wenzangu wenye steshenari waiweke leo hii. Lakini mama anayenunua laptopu kwa ajili ya duka lake la dawa ataijulia wapi? Hilo ni jambo la kuja likiwa limeshapangwa, na nitaendelea kulisema mpaka lipangwe.

Ya pili ni karatasi.

Tanzania nzima tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Marekani wanatumia Letter, 216 kwa 279, yaani pana zaidi kwa milimita 6 na fupi kwa 18. Ukiunda printa mpya kwenye Mint, mara nyingi draiva, yaani programu inayoiendesha printa, inakuja ikiwa imepangwa Letter. Ukiwa umeweka mfumo kwa Kiingereza cha Marekani, ambacho ndicho kinachokuja mbele wakati wa kuweka, baadhi ya programu nazo hufungua ukurasa mpya wa Letter bila kukuuliza. Huoni kitu mpaka siku mteja anapotuma barua ya kuomba kazi, unabofya kuchapa, printa inavuta pumzi kisha inasimama na kuwasha taa ya njano. Karatasi ipo, wino upo. Inachongoja ni karatasi ya Letter, ambayo sijawahi kuiona ikiuzwa hapa Morogoro.

Hiyo ya kusimama ni afadhali, maana unajua kuna tatizo. Mbaya zaidi ni ile inayokubali kuchapa. Inatoa ukurasa mzuri kabisa, ila mstari wa mwisho umekatwa au kila kitu kimepunguzwa kidogo. Kwenye barua si neno. Kwenye fomu yenye visanduku vya kujaza, au mtihani ambao swali la mwisho liko chini kabisa, ni hasara. Na karatasi iliyokwisha kuchapwa hairudi kwenye rimu.

Kuponya ni rahisi ukijua pa kwenda. Kwenye mipangilio ya lugha kuna sehemu ya eneo, unachagua Tanzania au Kenya, na vipimo vya A4 vinafuata. Halafu unafungua sifa za kila printa na kuhakikisha hapo pia pameandikwa A4, kisha kwenye LibreOffice unaangalia ukurasa wa kuanzia. Sehemu tatu kwa jambo moja. Nilipoweka mfumo nilishauambia saa zangu ni za Dar es Salaam. Ulishajua niko nchi gani.

Kuhusu printa niongeze moja kwa haraka. Ukiizima printa au waya ukichomoka wakati kazi iko kwenye foleni, foleni inaweza kujisimamisha, na ukirudisha umeme haiendelei. Kazi zinarundikana, mteja anabofya mara tano, na siku ukiiruhusu zinatoka nakala zote tano. Ingia kwenye sifa za printa, sehemu ya sera, pale panapohusu hitilafu, uchague kwamba kazi ijaribiwe tena badala ya printa kusimamishwa. Huku kwetu umeme ukikatika na kurudi ni jambo la kawaida, kwa hiyo usiliache hilo.

Sasa nije kwenye Word, ambako hasira za wateja wangu nyingi hutokea.

Mint haina Word. Ina LibreOffice, programu iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, nayo inafungua mafaili ya Word vizuri kuliko watu wanavyodhani. Barua, CV, kumbukumbu za kikao, mkataba wa pango, vyote vinafunguka sawasawa. Shida inakuja na ripoti ndefu: ya mafunzo kwa vitendo, au tasnifu, ambayo mwanafunzi ameiandika kwenye laptopu ya mwenzake yenye Word. Ina yaliyomo yenye namba za kurasa, majedwali, picha zilizobandikwa katikati ya maneno, namba za Kirumi mwanzoni na za kawaida kuanzia sura ya kwanza. Anaifungua kwangu, anashuka taratibu, halafu anasimama. "Kaka, mbona jedwali langu limehamia ukurasa mwingine?"

Sababu kubwa ni fonti. Kuanzia Office 2007 Word ilikuwa inaanza na Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft na haiji na Linux. Zipo fonti huru zilizotengenezwa ili kila herufi ichukue upana uleule: Carlito kwa ajili ya Calibri, Caladea kwa ajili ya Cambria, na familia ya Liberation kwa ajili ya Times New Roman, Arial na Courier New. Zikiwepo, mistari inavunjika palepale na kurasa hazihami. Zisipokuwepo, LibreOffice inachukua fonti nyingine yoyote iliyo karibu, kila mstari unarefuka kidogo, na kufika ukurasa wa arobaini ule udogo umeshakuwa kurasa tatu za ziada. Kwa hiyo jambo la kwanza kwenye mashine yoyote mpya ni kuhakikisha Carlito na Caladea zimo.

Nilidhani hapo tumeshapona. Kisha tangu 2023 Microsoft ikaanza kuiondoa Calibri na kuweka Aptos kuwa fonti ya kuanzia. Aptos haimo kwenye mashine zangu, na Carlito haiwezi kuisimamia. Ripoti zilizoandikwa kwenye Word za karibuni zimeanza kuhama kurasa upya, na tuko tena tulipokuwa.

Ninawaambia wanafunzi walete PDF kwa ajili ya kuchapa na Word kwa ajili ya kumpa msimamizi. PDF haihami. Lakini si kila mtu anakuja ameshajiandaa, na wengine wanakuja kufanyia marekebisho hapahapa dukani, dakika za mwisho, kwa sababu msimamizi amezungushia wino mwekundu. Huyo huwezi kumwambia habari za PDF. Unakaa naye, mnarekebisha ukurasa kwa ukurasa, na unampunguzia bei kwa sababu usumbufu haukutoka kwake.

Wako watakaosema kosa ni la Microsoft, wala si la LibreOffice, na kwa kiasi kikubwa wanasema kweli. Mwanafunzi hajali. Aliyefungua faili lake likavurugika ni mimi, kwenye mashine yangu. Ndiyo maana sikubali jibu la "siyo kosa letu" kila jambo hili linapoletwa. Anayetumia mfumo haoni mpaka ulipo kati ya kampuni moja na nyingine; anaona ripoti.

Hapo hapo kwenye LibreOffice kuna lingine la Kiswahili. Andika ukurasa mzima wa Kiswahili na kila neno litapigiwa mstari mwekundu kama umekosea yote. Kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili ipo, imo kwenye hazina ya programu kwa jina hunspell-sw, ila haiji ikiwa imewekwa kama uliweka mfumo kwa Kiingereza. Ukiiweka, wekundu unapungua sana, ingawa hauishi, kwa sababu kitenzi chetu kinabeba mambo mengi mgongoni na kamusi haiwezi kuorodhesha kila umbo. Inayajua maneno ya kawaida, lakini ukiandika "tusipowarudishia" unaweza kuona mstari. Hata hivyo nashukuru ipo. Wapo watu waliofanya kazi hiyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux, na sisi tulio nje ya vyuo mpaka leo tunafaidi nyayo za watu wale. Natamani sana kazi ile ipate wa kuiendeleza.

Kero ya saa inawahusu wanaoweka mifumo miwili kwenye mashine moja, Windows na Mint. Windows huandika saa ya hapa kwenye saa ya ndani ya kompyuta, ile inayolindwa na betri ndogo. Linux huandika saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Kwa hiyo ukitoka Mint ukaingia Windows saa nne asubuhi, utaikuta inasema ni saa moja. Ukifanya kinyume chake, Mint inakupeleka saa saba mchana mpaka itakapopata intaneti ijisahihishe, na kama bando limekwisha inabaki hivyohivyo. Amri moja ya kuifanya Mint nayo iandike saa ya hapa inatuliza ugomvi: timedatectl set-local-rtc 1. Tungekaa London wakati wa baridi tusingeiona kero hii kabisa, kwa sababu huko saa ya hapo na saa ya dunia ni moja. Tanzania, Kenya na Uganda ziko mbele kwa saa 3, na kila mwenye mifumo miwili huku anakutana nayo.

Nimetaja bando, na hapa nataka kuwa na haki. Mint inaheshimu bando kuliko mfumo mwingine wowote niliowahi kuutumia kwenye kompyuta. Haishushi apdeti bila ruhusa ukiiacha ilivyokuja. Inaweka alama ndogo ya ngao pembeni, unaifungua, inakuonyesha orodha na jumla ya megabaiti, unachagua za usalama leo na kuziacha nyingine mpaka usiku wakati bando ni la bei nafuu. Mtandao ukikatika katikati, ukirudi inaendelea pale ulipoishia. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa vocha, hiyo ni heshima kubwa.

Heshima hiyo inavunjika kwenye Flatpak, aina ya kifurushi cha programu kinachokuja na vitu vyake chenyewe. Duka la programu la Mint linaweza kukuonyesha programu moja kwa sura mbili: kama kifurushi cha kawaida cha mfumo, na kama Flatpak. Ya Flatpak mara nyingi ni mpya zaidi, kwa hiyo inavutia. Lakini Flatpak ya kwanza kwenye mashine inakuja na msingi wake mzima wa kuisimamisha, na programu ndogo ya kuchora au kukata video inakuvutia mamia ya megabaiti. Flatpak nyingine inayotaka msingi tofauti inavuta mwingine. Kijana aliyekuwa akinisaidia dukani alimwekea mteja programu moja ndogo, na bando la siku likaisha hapohapo, mteja wa pili hajatuma hata barua pepe. Sikumlaumu. Maandishi yanayotofautisha hizo sura mbili ni madogo, na uzito wa mzigo haupigiwi kelele inavyostahili. Hapa ningetaka swali moja tu kabla ya kushusha: "Hii itatumia megabaiti 700, na hii 12. Unataka ipi?" Anayelipa bila kikomo hatajali swali hilo. Sisi lingetuokolea pesa kila wiki.

Na kufunga laptopu. Baadhi ya laptopu ukizifunga hazilali kweli. Unaiweka kwenye begi, unafika nyumbani begi lina joto na betri imekwisha. Hili linategemea sana mashine, maana watengenezaji wengi wameacha usingizi ule wa zamani uliokata umeme karibu wote na kuleta wa kisasa ambao kompyuta inabaki macho kidogo. Ushauri wangu ni mfupi: kabla ya kununua laptopu yuzidi, omba uijaribu na Mint kutoka kwenye flashi, ifunge dakika tano, ifungue. Muuzaji mwenye nia njema hatakataa.

Turudi kwenye kunyamaza. Wanaoamini kwamba kulalamika ni kuitukana Linux wangeangalia habari ya exFAT, muundo wa flashi kubwa na memori kadi za kamera. Kwa miaka mingi ukichomeka kadi ya namna hiyo kwenye Linux ilikuwa haifunguki mpaka uongeze kifurushi cha pembeni, na bila intaneti mpiga picha wa harusi aliondoka na kadi yake akaenda duka la jirani. Watu walilalamika bila kuchoka. Agosti 2019 Microsoft ilichapisha maelezo ya muundo huo, na kabla mwaka haujaisha kiini cha Linux 5.4 kilitoka kikiwa na exFAT ndani yake. Leo kadi ile inafunguka yenyewe na hakuna anayekumbuka kwamba iliwahi kugoma. Waifai nayo ilikuwa hivyo. Wazee wa Linux wanakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiazima draiva za Windows ili kupata mtandao.

Kikwazo chetu ni mahali pa kusemea. Ripoti za hitilafu za Mint zinapelekwa kwenye tovuti ya GitHub, za LibreOffice zina mfumo wao, na kote huko kazi inafanyika kwa Kiingereza. Mtu anayejua kero kwa undani, mwenye steshenari aliyechapa maelfu ya kurasa, mara nyingi hajiamini kuandika Kiingereza cha kitaalamu. Anayejua Kiingereza hicho mara nyingi hachapi fomu za wateja. Ninachopendekeza kwenye magrupu yetu ni kwamba mtu akileta kero, badala ya kumrukia, tumuulize maswali manne: toleo gani la Mint, mashine gani, ulifanya nini, kikatokea nini. Ajibu kwa Kiswahili, atume na picha ya skrini. Mmoja wetu anayemudu Kiingereza aandike ripoti na kurudisha kiungo kwenye grupu ili wote tuifuatilie. Tumeanza na ile ya uzito wa Flatpak, na inayofuata ni ya karatasi.

Wateja wanaoniomba niwawekee Mint nawasomea kero hizi zote kabla sijagusa mashine. Juzi alikuja mwalimu wa hesabu wa sekondari na laptopu yake ya Windows 10. Nilimwamkia, nikamweleza mazuri, nikamweleza na haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na mitihani yangu, mwanangu?" Tukafungua mafaili yake kwenye Mint kutoka kwenye flashi, bila kuweka kitu. Mitihani ya karibuni ilikuwa sawa. Ya miaka ya nyuma, ambayo hesabu zake ziliandikwa kwa kile chombo cha zamani, Equation Editor, ambacho Microsoft yenyewe ilikiondoa kwenye Office mwaka 2018 kwa sababu za usalama, ilivurugika: mabano yamehama, sehemu zimepishana na mistari. Ana mitihani ya aina hiyo folda nzima na anaitumia kila muhula.

Tumekubaliana nimwekee mifumo yote miwili. Intaneti, barua pepe na flashi za wanafunzi wake atazifungulia Mint. Mitihani ya zamani atabaki nayo upande wa Windows bila kuunganisha mtandao, huku akiiandika upya mmoja mmoja kila anapoutumia. Nimeweka amri ya saa, Carlito na Caladea, A4 sehemu zote tatu, kikomo cha flashi na kamusi ya Kiswahili. Folda yake ya zamani nimeomba faili moja, kwa idhini yake, niliambatanishe kwenye ripoti ya LibreOffice.